Walitaka Nitaje Jina la Mwanamume

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Amina ya viti vya mbele nimeisikia. Nyinyi wa nyuma, mliokuwa mkiniteta pale mferejini mkipanga mitungi foleni, Bwana asifiwe! Haya. Sasa tuko pamoja.

Mimi ni mama Kadzo, wa hapahapa Chaani. Mwaka huu mmenipa na jina jingine, sitalitamka mbele ya madhabahu. Leo nimekuja kuwarudishia.

Mtoto wangu alianza kuharisha akiwa na miezi tisa. Mkasema ni meno. Meno yakatoka mawili, na kuharisha kusikome! Siku mbili nafuu, siku nne choo chepesi chenye povu na harufu ya kukukimbiza chumbani. Tumbo likamjaa kama ngoma, mikono ikawa vijiti. Kliniki wakimpima kilo, kila mwezi anarudi nyuma. Maji ya dawa ya kuharisha nilimpa, zinki nilimpa, na maji ya kunywa nilichemsha kila siku ya Mungu.

Nikaenda maabara moja ya mtaani. Wakataka choo cha mtoto. Nikakwangua kidogo kwenye pampers ya asubuhi, nikatia kikoponi, nikaanua nguo, nikapika, nikafika huko saa nane mchana. Cheti kikaandikwa: hakuna kilichoonekana.

Ndugu zangu, cheti kile kilinichimbia kaburi! Mavyaa wangu, mama yake mume wangu Kahindi, alikuwa ameshuka kutoka Kaloleni kumwona mjukuu mwenye jina lake. Akasomewa cheti, akapiga makofi mara moja.

"Hata hospitali imekubali," akasema. "Hana ugonjwa. Mtoto huyu ana chirwa."

Kwa ambaye si wa kwetu: chirwa ni ule ugonjwa wanaosema humkondesha mtoto mchanga mzazi wake akitoka nje ya ndoa. Na dawa yake haifanyi kazi mpaka mwenye kosa aungame. Mavyaa akapanga: Jumamosi tunapanda Kaloleni kwa mganga, na mimi nitalitaja jina la mwanamume.

Kahindi alirudi kutoka kazini Kipevu, hakuvua hata viatu. Akaniambia, "Mama Kadzo, niambie ukweli tu. Nitakusamehe."

Anisamehe nini? Nilimuuliza hivyo hivyo, "Unisamehe nini, Kahindi?" Akainama kufungua viatu vyake. Ndugu zangu, siku hiyo nilitaka kuvunja kila sahani iliyo ndani ya nyumba ile!

Nikaja hapa kanisani. Akina mama mkaniombea, sikatai. Mkanijazia tena mtungi wa maji ya maombi, yaleyale mliyonipa tangu ana miezi minane, nimnyweshe Kadzo kijiko kila asubuhi. Nikamnywesha. Mtoto akazidi kuharisha. Na nyinyi nanyi mkaanza kunong'ona kwamba kuna dhambi sijaitubu.

Jumatatu nikambeba nikaenda hospitali kubwa. Nilikwenda kwa hasira, si kwa imani, niseme kweli. Maabara nikamkuta dada wa Kiislamu, koti jeupe juu ya buibui. Nikampigia cheti changu mezani.

"Na wewe andika hapo hana kitu, niende zangu!"

Hakukasirika. Alisoma, akauliza, "Choo hiki ulikitoa saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kikatazamwa mchana. Na ulikikwangua kwenye pampers?"

"Ningekikwangua wapi, kwenye sahani?"

Akacheka, mwanamke yule. "Dada yangu, pampers imekunywa maji yote, na maji ndiyo tunayoyataka. Wadudu wengine wakikaa hivyo wanaharibika, hatuwaoni tena. Na hawatoki kila siku. Cheti kimoja kisichoonyesha kitu hakimaanishi hakuna kitu. Leo, Jumatano na Ijumaa, niletee mtoto mwenyewe. Mtie nailoni safi ndani ya pampers, mkae hapo kwenye benchi, mumngoje atoe choo."

Tukakaa. Jumatatu Kadzo akatoa, hakuna. Jumatano akatoa, hakuna! Nikalia pale benchini mpaka askari wa mlangoni akaniletea maji. Nyumbani mavyaa alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye mkoba wa safari. Mtoto hana hata nguvu ya kulia, naye anahesabu Jumamosi!

Ijumaa akanifuata hospitali, asije akatoroshewa mjukuu wake. Tukaketi watatu benchini. Saa nne Kadzo akajikamua. Nikakimbia na nailoni ile ingali na joto.

Dakika zikapita. Kisha nikasikia, "Alhamdulillahi! Mama Kadzo, njoo!"

Niliinama kwenye darubini. Ndugu zangu, niliwaona! Wana umbo la pea, wanayumbayumba kama majani yanayoanguka. Jina lao jiadia, vijidudu vya kwenye maji machafu.

Nikamwita mavyaa. Akainama, akashika buibui la yule dada asianguke.

"Hee! Kina macho! Kinanitazama, mshenzi huyu!"

Nikamwambia, "Mama, mtazame vizuri. Ndiye yule mwanamume wangu uliyekuwa ukimtafuta."

Yule dada akageuka ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Kisha akanigeukia mimi.

"Anakunywa maji gani?"

"Ya kuchemsha."

"Hakuna mengine?"

"Labda ya maombi tu. Ya kisima cha kanisa."

"Mliyachemsha?"

"Nani achemshe maji yaliyoombewa?"

Hakucheka sasa. Na mimi hasira zikanishuka mpaka miguuni. Kisima chetu, ndugu zangu, na choo chetu cha shimo, ni hatua ngapi? Tokeni mkahesabu. Mkono ulioshika kile kijiko kila asubuhi ulikuwa wangu.

Daktari akampimia dawa kwa kilo zake. Wiki haikuisha, choo kikashikana. Kadzo akaanza kulia tena kwa sauti, nami nikasema, lia mama, lia! Mavyaa akafungua mkoba, akatoa zile kanga, akambebea mjukuu mgongoni. "Mwanangu, nilikukosea," akasema. Kahindi naye akasema hivyo hivyo. Yeye nilimwambia arudie mara tatu, siku tatu tofauti.

Mchungaji nilimweleza yote. Akaagiza liletwe lile sufuria kubwa la harusi. Siku hizi maji yanachemka kwanza, ndipo yanaombewa. Upako haufi kwa moto, Mungu wetu ni moto!

Namshukuru Bwana aliyenipa hasira ya kurudi mara ya tatu. Namshukuru kwa binti asiyeomba kama sisi, ambaye alimtumia kunisafisha jina. Mtumainini, ndugu zangu! Lakini msiketi na cheti kimoja mkakiita hukumu.

Yule anayevuta kitambaa cha mama wa kwaya, ndiye Kadzo.

Nani ana mtoto anayeharisha hapa, ameambiwa ni meno, ni chirwa, ni dhambi yake? Simama, mama, usione haya. Kesho Jumatatu nakwenda nawe. Nailoni ninazo.