Ng'ombe ya muzungu mupya

Katika kamiyo, lori ya viazi toka Mudende, mama mumoja aliyekaa karibu yangu, Mukakalisa, alimwambia Faradji, fundi wa nguo, kwamba anaenda Gisenyi kushitaki shefu aliyemunyang'anya ng'ombe. "Muzungu wa parke, ule anashitaki watu kwa jina la serikali, aliniambia nirudi leo."

"Ule wamemuhamisha Usumbura, mama. Shefu alimulalamikia kwa administratere, na hao wawili wanawinda pamoja."

Sikushangaa. Bibi yangu alikufa tukingojea dokta aliyekuwa kwa karamu ya wakubwa hao hao.

"Na mupya je?" "Jana nilimupimia suruali. Shefu amemukaribisha na ng'ombe ya maziwa." Mama akacheka vibaya. "Yebabawe! Mutu akikupa ng'ombe, si unakuwa mutu wake?" "Ye ni Mubeleji, anafikiri ni maziwa tu."

"Iko namna gani, hiyo ng'ombe?" "Nyeusi, pembe moja imevunjika."

Faradji akamusihi: "Rudi nyumbani, mama. Utashitaki shefu kwa mutu anayekunywa maziwa yake?"

"Maziwa yake? Ile ng'ombe ni yangu!"

Kamiyo ikasimama sokoni. Mama hakuuliza njia ya parke. Aliuliza muzungu mupya anakaa nyumba gani, akajifunga kitambaa kiunoni, akashuka.