Wangapi Wamefika?

Benchi liko Dublin, chini ya saa kubwa ya duka la nguo, na wenyewe ni wazee watatu wenye kahawa za vikombe vya karatasi. Reli, kama wanavyomwita, alikagua tiketi za treni miaka thelathini. Askofu alisomea upadri mwaka mmoja tu, akafukuzwa kwa sababu ya mdomo wake. Wa tatu, Malachy, wanamwita Shamba, maana alihamia mjini kutoka mashamba ya Leitrim baada ya kumzika mkewe, Bríd. Leo ni tarehe nane Desemba, siku ambayo watu wa mashamba walikuwa wakija Dublin kununua vitu vya Krismasi. Shamba amevaa koti lake la kanisani. Anamsubiri binti yake, Nuala, anayeishi Galway, na roho haijatulia.

— Saa ngapi? aliuliza.

— Saa nane na nusu, alisema Reli. Tulia, bwana. Umeuliza mara nne.

— Sisi kama familia tulikuwa tunakutana hapa saa tisa kamili. Kila mtu anapewa saa moja aende kununua peke yake, na mfuko wa mwenzio huchungulii. Halafu hapa. Haondoki mtu mpaka wote wafike.

— Na Bríd wa mwisho, alisema Askofu, aliyeijua hadithi yote.

— Wa mwisho kila mwaka! Anakuja anahema, kofia imekaa upande, anauliza, "Wangapi wamefika?" Na sisi wawili, mimi na Nuala, tumesimama palepale anatuona!

Shamba alicheka, kisha akapapasa mfuko wa koti. Mfukoni mwake mlikuwa na glavu nyekundu za sufu. Kila mwaka alimnunulia Bríd glavu nyekundu, na mwaka huu mikono yake ilizichukua yenyewe dukani kabla hajakumbuka kwamba Bríd hayupo. Akajisemea kwamba atampa Nuala.

Reli alimtupia jicho Askofu. Saa tisa kasorobo, na hakuna mtu.

— Kosa ni la treni, alianza Reli. Siku hizi treni ya asubuhi inasimama kila kituo. Mtu akitoka Galway anafika amezeeka.

— Treni gani! Ni simu hizi, alisema Askofu. Mtu anajinunulia koti akiwa kitandani, linaletwa mlangoni. Aje mjini kufanya nini?

— Acha kamba zako. Koti utalijuaje bila kulivaa?

— Basi ni serikali. Wamegundua watu wa mashamba wakikutana siku moja wanaongea sana, wakaamua kuwatawanya.

— Serikali yenyewe haijui kesho ni lini! Mimi nakwambia ni hii saa. Tangu waitengeneze inakimbia. Watu wanakuja, wanaona wamechelewa, wanarudi kwao kwa aibu.

— Umechemka, Reli.

— Watu wote wa mashamba wanapishana hapa, bwana! Labda Nuala ameshapita mara mbili.

Walibishana kwa nguvu kuliko mada ilivyostahili, na Shamba alijua wanabishana kwa ajili yake. Aliwapenda kwa hilo, na lilimuuma.

Mama mmoja mwenye mifuko alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi akipumzisha miguu. Aligeuka.

— Samahani, mzee wangu. Huyo binti, ulimwambia aje?

Reli alichungulia kikombe chake.

— Tarehe nane haalikwi mtu, alisema Shamba taratibu. Hatujawahi kuambiana. Ilikuwa inajulikana tu.

Juu yao saa iligonga tisa, na Shamba akasimama kama alivyosimama miaka yote. Kisha akatoa simu, akapiga.

— Baba? Kuna nini? Nani amekufa?

— Hajafa mtu, mwanangu. Niko hapa chini ya saa.

Alisikia mashine za kazini kwa Nuala, na mtu akimwita kwa mbali.

— Leo tarehe nane, alisema Nuala. Oh, baba. Nilisahau kabisa.

— Si kitu, mama. Kazi ni kazi.

Alimsikia akivuta pumzi, akijaribu kuiga sauti ya mtu mwingine, mtu anayehema.

— Haya. Wangapi wamefika?

Shamba alitazama barabara yote, juu na chini, watu wakipita na mifuko yao.

— Mmoja, alisema.