Chaji ya Kufika Berlevåg

Benchi lenyewe liko ndani ya kituo cha mafuta cha Lakselv, mji mdogo wa kaskazini ya mbali, kati ya mashine ya kahawa na dirisha, na wazee wanaolikalia wana vikombe vya mwaka: unalipa mara moja Januari, unakunywa mpaka Desemba, tumbo likikataa shauri yako. Asubuhi hiyo ya Februari baridi ilikuwa inauma mpaka meno. Torleif alikuwepo, anayeitwa Dizeli kwa sababu hajawahi kupenda kitu kingine. Nils-Ante, au Rada, alikuwepo, mtabiri wa hali ya hewa asiyepatia hata siku moja. Na Håkon, aliyekaa baraza la mji kipindi kimoja tu, lakini jina la Waziri halijambanduka tangu hapo. Wa nne alikuwa Ingvald. Mwaka jana aliuza gari lake la dizeli akanunua la umeme, wakambatiza Betri. Alikuwa ametoka kupigiwa simu na nyumba ya wazee ya Berlevåg, ng'ambo ya mlima. Dada yake Borghild yu taabani. Kama anataka kumkuta, aje leo.

Ingvald: Chaja ya katikati ya njia imekufa. Fundi mpaka wiki ijayo. Na baridi hii inakula nusu ya chaji yangu.

Dizeli: Si nilisema? Gari la kuchomekwa ukutani kama pasi!

Waziri: Acha kumcheka mtu ana msiba.

Ingvald: Hajafa, Waziri.

Waziri: Basi msiba mtarajiwa.

Rada: Betri, sikiliza. Zima hita. Jifunge ngozi mbili za kulungu, kofia, soksi tatu. Chaji yote iende kwenye magurudumu.

Ingvald: Vioo vikiganda nitaona nini?

Rada: Unatoa kichwa dirishani. Mkono mtupu haulambwi.

Waziri: Upuuzi. Vibanda vya likizo! Njia nzima vimejipanga, na kila kimoja kina soketi ya nje ya kupashia injini joto wakati wa baridi. Unaiba umeme kidogo hapa, kidogo pale. Haba na haba hujaza kibaba.

Dizeli: Soketi zile? Atafika Pasaka.

Waziri: Pasaka si mbali.

Walicheka, na Ingvald akacheka nao, kisha akaona aibu kwa kucheka. Aliitazama saa ya ukutani. Mlimani magari yalikuwa yanavushwa kwa msafara nyuma ya greda la theluji, na mwenye chaji pungufu anarudishwa getini; hawataki mtu azimike katikati akagande. Alikuwa anangoja neno moja tu: twende. Huku kwao mtu haombi kupelekwa, hata awe anazama. Ukiomba umejidhalilisha, na asiyeombwa akijitolea amekudhalilisha yeye. Alikuwa amekua na desturi hiyo na hakuwahi kuiona mbaya mpaka siku ile.

Ingvald: Nasikia dizeli hata haijali baridi.

Alilisema taratibu, akimwangalia Torleif machoni.

Dizeli: Haijali! Ndicho nilichokuwa nakwambia mwaka mzima, ukaniona mshamba!

Ingvald: Kweli. Na tangi likijaa, mtu anafika na kurudi.

Dizeli: Na mengine yanabaki! Haya, mimi nakupa suluhisho. Jenereta. Ninayo gerejini. Unaifunga kwenye kigari cha kuteleza juu ya theluji, unaivuta nyuma, inakuchaji huku unakwenda.

Rada: Ikipinduka?

Dizeli: Atashuka aiinue. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Rada: Bora kulungu anaowafuga mwanangu. Wanane mbele, kamba, wanavuta gari. Magurudumu yakizunguka betri inajaa yenyewe. Ukifika kileleni unawaachia, unateremka na chaji kamili.

Waziri: Na upepo je? Kesho unageuka, utampiga mgongoni. Gari la umeme lenye upepo mgongoni halili kitu. Mimi nasema angoje kesho. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, kwa hiyo tulia, Betri, unywe kahawa.

Ingvald aliinuka akaenda kujaza kikombe. Kati yake na dada yake, mdogo alikuwa yeye. Borghild ndiye aliyemfunga viatu, ndiye aliyemfundisha kusoma. "Niombe sasa," alijiambia. Akarudi, akakaa, akafungua kinywa, akauliza jenereta hiyo ina uzito gani.

Wakajadili uzito. Wakajadili kamba. Walikuwa wamefika kwenye kwato za kulungu mlango ulipofunguliwa, akaingia dereva wa lori la samaki, mwanamke wa makamo aitwaye Sunniva, theluji mpaka kwenye nyusi.

Sunniva: Niacheni nipashe vidole. Nimevuka na msafara wa mwisho. Sasa wamefunga mlima mpaka kesho kutwa.

Ingvald alikiweka kikombe mezani.

Sunniva: Kuna nini? Mbona mmekuwa hivyo?

Waziri: Tulikuwa tunampangia mwenzetu safari ya Berlevåg. Dada yake anakata roho. Gari lake la umeme, chaji haimfikishi. Tumeumiza vichwa tangu asubuhi, mama.

Sunniva: Tangu asubuhi? Msafara wa mwisho wa kwenda huko nimepishana nao getini. Ulikuwa na nafasi tele.

Akageuka dirishani. Nje injini zilikuwa zimechomekwa kwenye nguzo za kupashia, tayari kuwaka.

Sunniva: Na yale matatu ya dizeli hapo nje ni ya nani?

Torleif aliangalia sakafu. Rada aliangalia simu yake, ambayo ilikuwa imezimwa. Waziri alianza kukoroga kahawa iliyokwisha. Ingvald alitafuta neno la kuwatetea, maana walikuwa rafiki zake wa maisha na hakuna aliyewaomba, akalikosa.