Mkia wa Zimwi

Basi lilitoka kwenye tamasha la mazimwi. Mbele yangu alikaa mama mmoja, binti yake mdogo amelala mapajani. Kando yake alikuwa fundi cherehani, bado amevaa vazi la zimwi alilolishona mwenyewe, kichwa chake chenye pembe amekipakata.

"Mwakani punguza hizo pembe, kaka. Watoto watakojoa vitandani," mama alimwambia. Fundi akacheka. "Dada, zimwi bila pembe ni mjomba tu." Mimi nina wajomba wenye pembe, ila hakuna aliyeniuliza.

"Huyu mtoto alivyonipotea kwenye umati ule, nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka," mama alisema. "Kumbe ameshika mkia wako, katulia tuli! Moyo ndiyo kwanza unarudi mahali pake."

"Nilimuuliza kwa nini asimfuate mtu mwingine," fundi alisema. " Akanijibu, 'Wale watu siwajui. Zimwi namjua, bibi hunisimulia kila siku.'"

Mama alicheka huku anafuta machozi. "Hata hivyo, pembe uzipunguze."

"Sipunguzi ng'o!"

Basi likasimama kituoni kwake. Fundi akainuka ashuke, akavutwa, akakaa tena. Usingizini mle, mtoto alikuwa bado ameukamata mkia.