Mshenga wa Mkonge na Plastiki

Benchi la Kashikishi si benchi hasa. Ni ubao wa mtumbwi uliokufa, umelazwa juu ya madramu mawili nyuma ya vichanja vya kukaushia samaki, na pembeni yake Olipa anauza kahawa tangu asubuhi mpaka birika lichoke. Hapo hukaa wanaume wenye kazi, ila kazi yenyewe haina haraka nao. Kuna Bwembya, aitwaye Radio kwa sababu hazimwi. Kuna Watson, aitwaye Kopabelti, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi migodini Kitwe, mkoa wa jina hilo, na hamruhusu mtu asahau. Kuna mzee Nsama, aliyepeleka posa katika nusu ya nyumba za ufuko huu wa ziwa Mweru. Wabemba mtu wa namna hiyo humwita shibukombe, mshenga. Na kuna Nkulu, fundi wa mitumbwi aliyevuka kutoka upande wa Zaire miaka mingi iliyopita; Kiswahili cha kwao, kisemacho «njo» badala ya «ndiyo», kimeshaambukiza benchi zima. Siku hiyo Nkulu hakuwa na mchezo. Jana mkewe Germaine na shemeji yake Ngalula, anayekaa kisiwa cha Kilwa, walipiga makafi hadi huko kumchukua binti yao, Léonie, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshuka na siku zake zimekaribia, ili aje azalie hospitalini. Walipaswa kurudi mchana huu. Tumboni mwa mtumbwi wao palikuwa na tundu, na tundu lilizibwa na bamba la plastiki na mkonge alilolitengeneza Nkulu kwa mikono yake. Na sasa upepo ulikuwa umeanza.

— Tata Nkulu, kunywa kahawa, — alisema Olipa. — Inapoa.

— Niko nakunywa, mama.

Kikombe kilikuwa kimejaa vilevile.

— Miye nilisema tangu mwanzo, — Bwembya alianza. — Plastiki na mukonge ni mafahali wawili. Hawakae zizi moja.

— Hawagombane, — Nkulu alijibu bila kuondoa macho ziwani. — Hawajuane tu, njo mambo yote. François wa Lubumbashi, ule anafanya kazi kwa ateliye, karakana ya plastiki, alinielezea muzuri. Mukonge inapenda maji. Plastiki ya mifuko, ile wanaita polipropileni, inakimbia maji kama mbuzi. Unaiyeyusha, unaichanganya na mukonge, vinalala kitanda kimoja. Lakini kila mutu anageukia ukuta wake.

— Kama nyumba ya Radio, — alisema Watson.

Wote walicheka isipokuwa Bwembya, na isipokuwa Nkulu.

Nkulu alikuwa na sababu ya kujua. Bamba lake la kwanza lilikuwa zuri kwa macho. Aliyeyusha mifuko ya mbolea kwenye sufuria kuukuu, taratibu, juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, akalaza nyuzi za mkonge ndani, akakandamiza katikati ya vyuma viwili. Lilitoka likiwa gumu, linang'aa, na benchi zima lilikuja kulipigapiga kwa vidole. Kisha Watson akalipanda kwa buti zake za mgodini. Lilipasuka, na nyuzi zikachomoka zikiwa safi kabisa, kama miiba inavyotoka kwenye samaki aliyeiva. Hapakuwa na hata chembe ya plastiki iliyokuwa imezishika.

— Ile siku njo nilijua ni mambo ya posa, — alisema mzee Nsama, akijiweka sawa. — Kijana huku, binti kule. Wanapendeza, wanakaa karibu, lakini hakuna mutu wa katikati. Nyumba kama ile, upepo ukivuma, kila mutu anarudi kwao.

— Na François alituma dawa, — Bwembya alidakia, maana hakupenda habari isemwe na mtu mwingine. — Chupa kidogo, hivi. Akasema ile dawa iko na mikono mbili. Mukono mumoja unashika mukonge, mukono mwingine unashika plastiki.

— Njo shibukombe sasa! — Nsama alipiga paja. — Anaingia kwa watu wa bibi, anaongea lugha yao. Anaingia kwa watu wa bwana, anaongea yao. Pande mbili zinamuamini. Na nilikuambia, Tata Nkulu, mbele ya watu: tuma mumoja. Ni nani alikuzuia?

Macho ya benchi yalihamia kwa Watson.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, — alisema Watson, lakini safari hii sauti ilikuwa ndogo. — Miye nilifikiri dawa ikiwa nyingi, nguvu inakuwa nyingi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ulijaza kibaba kweli! — alisema Olipa. — Chupa karibu yote!

Hilo ndilo lilikuwa kosa lenyewe, na Nkulu alilibeba mwenyewe kwa sababu mkono uliomimina ulikuwa wake. Bamba la pili lilitoka likiwa na utelezi kama mgongo wa kambale, na lilivunjika kabla hata ya buti. Mzee Nsama alieleza siku ile kama mtu anayesoma Injili: ukituma washenga kumi, wanaanza kusalimiana wao kwa wao, wanakula kuku wa posa, wanasahau binti ni wa nani. Chupani kulibaki kidogo chini. Kwa hicho kidogo Nkulu alitengeneza bamba la tatu. Aliuosha mkonge kwa maji ya majivu, akaukausha, akautumbukiza kwenye maji yenye dawa ile, akaukausha tena juani, ndipo akaukandamiza na plastiki. Hakuwa na dawa ya kutengeneza la nne ili alivunje na kujua. Alilipigilia chini ya mtumbwi kwa misumari na lami, akamwambia Germaine litashika. Tangu aseme hivyo hakupata usingizi.

Upepo uliongezeka. Mawimbi ya Mweru yalianza kuonyesha meno meupe.

— Huko Kitwe, — alisema Watson, akitaka kulipa deni la aibu kwa hadithi, — kuna kofia za plastiki zenye nywele za kioo ndani. Kuna mutu aliangukiwa na jiwe kubwa kama ile dramu. Jiwe lilipasuka mbili. Mutu alisema tu, «Nani ananiita?»

— Hiyo ni kidogo, — alisema Bwembya. — Zaire watatengeneza lori nzima ya mukonge na plastiki. Injini tu njo chuma. Shida ni moja: ukisimama sokoni, mbuzi wanakula mulango.

— Unakuta dereva ameshikilia usukani peke yake, — alisema Watson.

— Amekaa barabarani na usukani! Na polisi wanamuomba leseni!

— Miye naona mbali zaidi, — Watson aliendelea, moto umempata. — Unachukua dawa ya François, dramu nzima. Unachukua mukonge wa Zambia yote. Unatengeneza daraja toka hapa Kashikishi mpaka ng'ambo. Watu wanapita na baiskeli, samaki wanapita chini, na douane, wale wa ushuru, wanakaa katikati wanavua.

— Na kama dawa ikizidi? — aliuliza Bwembya.

— Daraja linakuwa telezi. Unakaa chini tu, unafika Zaire bila kupiga pedali.

— Lakini fikiria kanisani, — alisema Bwembya, na alishusha sauti kama mwenye siri ya serikali. — Unapaka kidogo kwa mabenchi, asubuhi. Mutu akikaa, hatoke mbele ya sadaka kupita.

Olipa alicheka mpaka akaweka birika chini. Mzee Nsama peke yake alikunja uso.

— Munachezea kazi ya watu. Kesho vijana watajipaka dawa wenyewe, watashikana bila kuuliza mutu. Nani ataleta sahani mbili za posa kwa wazazi? Nani ataitwa wakati wanagombana? Dawa itakuja kukaa kati yao usiku, iseme, «Weye bwana, omba musamaha»?

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, — alisema Bwembya, akimuunga mkono bila sababu yoyote.

Nkulu alisimama.

— Ile njo bwato? — aliuliza.

Wote waligeuka. Kwa mbali palikuwa na kitu cheusi, kinazama nyuma ya wimbi na kuibuka tena. Watson alisema ni mtumbwi. Bwembya alisema ni gogo, kisha akasema ni mtumbwi wa watu wa Chienge, kisha akanyamaza, jambo ambalo benchi halikuwa limewahi kuliona. Nkulu alihesabu vichwa kimoyomoyo. Kila wimbi lilipokificha kile kitu aliona nyuzi zikichomoka safi, moja moja, na maji yakipanda kwenye miguu ya mwanawe. Alitaka kuomba, akakuta maneno yote yamemtoka, limebaki moja tu: ishike, ishike, ishike.

— Ni kitambaa chekundu, — alisema Olipa ghafla. — Ni mama Germaine ule! Ni kitambaa chake!

Nkulu hakusikia mengine. Alishuka ufukweni akikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye mchanga, akaingia majini mpaka mapajani. Mtumbwi ulikuja ukipanda na kushuka, Ngalula mbele na kafi, Germaine nyuma na kafi, na katikati Léonie amekaa na tumbo lake, ameshika kingo mbili, uso umelowa maji ya mawimbi na anacheka. Nkulu alishika mtumbwi, na badala ya kumshika mkewe alipiga goti, akaingiza mkono chini na kupapasa bamba. Lilikuwa zima, halijalegea. Pembeni palikuwa na uzi mmoja wa mkonge uliojitokeza. Aliuvuta kwa kucha, akauvuta kwa nguvu zote. Haukutoka. Plastiki ilikuwa imeushika na haitaki kuuachia.

— Eh, bwana! — alisema Germaine. — Unasalimia bamba mbele ya kusalimia bibi yako?

Hapo ndipo Nkulu alipoinuka na kuwakumbatia wote watatu kwa mkupuo, akilia waziwazi. Moyo ulimrudi mahali pake. Aliona hata ziwa limekuwa zuri, yeye aliyelitukana tangu alfajiri.

Léonie aliongozwa polepole hadi kwenye benchi apumzike kabla ya safari ya hospitali. Olipa alimpa maji. Wanaume walimzunguka, na furaha iliwafungua midomo wote kwa pamoja.

— Nilijua! — alisema Bwembya. — Nilimwambia baba yako, ile bamba inaweza kufika Lubumbashi!

— Buti zangu njo zilionyesha njia, — alisema Watson. — Bila buti zangu wangekuwa bado na bamba ya kwanza.

— Shibukombe mumoja, — alisema mzee Nsama. — Mumoja, wa kweli. Nilisema.

Kila mmoja alimweleza Léonie namna mkonge unavyopenda maji, namna plastiki inavyoyakimbia, namna dawa ilivyo na mikono miwili, namna ikizidi inavyoharibu. Léonie aliwasikiliza kwa adabu, akiwageukia mmoja baada ya mwingine. Hakuwa amejua kuna bamba. Mama yake hakumwambia njiani. Alinywa maji akamaliza, akaweka kikombe chini.

— Aksanti, batata, baba zangu, — alisema. — Nimesikia. Ninyi wote mulijua itashika. Sasa, ni nani kati yenu alipanda bwato kwanza, mbele ya mama kupanda?

Bwembya alichukua kikombe kisicho chake akanywa. Watson aliangalia buti zake. Mzee Nsama, aliyewahi kuzungumza hadi familia zinazochukiana zikala sahani moja, alianza kutafuta ugoro mfukoni. Olipa aliinamisha birika juu ya kikombe chake na likatoa matone mawili ya mwisho.

Nkulu alihisi aibu ikimpanda masikioni. Lakini alikuwa amemshika mwanawe mkono, mkono ulikuwa wa moto, na mtoto tumboni alikuwa anapiga teke. Furaha ilikuwa kubwa, aibu ikakosa pa kukaa. Alichukua mzigo wa Léonie akautia begani.

— Kesho tunamurudisha Ngalula kisiwani, — alisema. — Miye njo nitapiga kafi.

Halikuwa jibu la swali, na kila mtu pale alijua. Germaine alimtazama kidogo, kisha akamtupia kile kiatu chake kimoja alichokuwa amekiokota mchangani.

— Vaa kwanza, — alisema. — Hospitali iko mbali.