Kamba ya Mafundo Matatu

Lori lilipotoka Bagira kwenda mjini, Delphine alijifanya anaangalia ziwa, lakini masikio yote yalikuwa kwa majirani zake wa benchi. Maman Rosalie, mwenye mguu wa kushoto uliovimba mpaka vidoleni, alimwonyesha papa Apollinaire, infirmier, yaani muuguzi, kamba ya mafundo matatu. Kila fundo lilikuwa kipimo kimoja cha soksi ya kubana, ya kuagizwa Ulaya.

"Maman, hii iko mufupi sana. Ulipima wapi?"

"Ku muguu ya kuume, papa. Ile nzima."

"Tunapima yenye kuvimba! Asubuhi, mbele ya kushuka ku kitanda. Hii haitapita hata kisigino."

"Bwana yangu anarudi ku Noeli, toka machimbo ya Kamituga. Aliniacha na miguu mbili sawasawa. Wazungu wanatengeneza ndege, watashindwa na muguu yangu?"

Delphine aliona hoja hiyo ina uzito.

"Soksi inazuia kuvimba, maman. Hairudishe muguu ya zamani." Apollinaire akamkatia kamba mpya toka mfukoni mwake. "Pima tena kesho."

Lori likasimama sokoni. Rosalie aliitupa kamba mpya kikapuni. Ile ya mafundo akaifumbata mkononi, akashuka akitanguliza mguu mzima, kama vile kuna mtu anamngoja pale chini.