Mifupa ya Madobi wa Ghorofa ya Chini

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Viongozi wa meza kuu. Nanyi wenzetu mlioacha mashine zikizunguka ili mje kutusikiliza:

KARIBU HUKU CHINI

Sisi madobi kumi na wanne tunakupokea kwa mikono miwili. Shuka zote ulizozikuta wodini asubuhi zimepita mikononi mwetu. Utuwie radhi kwa joto na kwa sakafu yenye maji. Huku hakuna dirisha. Tunaingia jua halijachomoza, tunatoka limeshazama.

YALIYOMPATA SHANGAZI

Mwenzetu tunayemwita Shangazi amefua hapa miaka ishirini na mitatu. Mwaka juzi alianza kulalamika mgongo, akaambiwa ni uzee tu. Baadaye akawa haifikii rafu ya juu. "Nani kapandisha rafu?" alituuliza, nasi tukacheka. Hakuna aliyeipandisha. Ni yeye aliyepungua urefu.

Mwezi wa pili mwaka huu, akivuta shuka zilizolowa, aliteleza akajishikiza ukutani kwa mkono. Hata chini hakufika, lakini tulisikia mlio kama kijiti kinapovunjika. Daktari aliyemfunga plasta hakuishia kwenye mkono. Alimuuliza hedhi ilikoma lini, na kama mama yake aliwahi kuvunjika nyonga. Akampeleka kupimwa uimara wa mifupa. Jibu likawa osteoporosisi, yaani mifupa imepungua uzito na kudhoofika. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimeshabonyea bila mwenyewe kujua.

TULIPOFIKIA

Mkono umeunga. Kila Jumatatu asubuhi mmoja wetu humpitia nyumbani kuhakikisha amemeza kidonge chake cha mifupa cha kila wiki kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na kwamba halali tena kwa nusu saa. Sisi nasi tumejifunza kwake: maziwa, dagaa, mboga za majani, na ngazi badala ya lifti.

KINACHOTUTISHA

Tunampitia nyumbani kwa sababu hayuko kazini. Aliporudi baada ya mkono kupona, msimamizi alimwambia mbele yetu, "Mama, hiyo mifupa yako biskuti. Kapumzike, tutakuita." Hii ni wiki ya sita.

Siku chache baadaye daktari yule alishuka huku, akasema kila aliyevuka miaka hamsini akapimwe. Tuko tisa. Walipanda watano. Wanne wanasema wako wazima kabisa, nasi tunawaona wakiinuka kwa kushika ukuta.

MAOMBI

Majibu ya kipimo yabaki kati ya daktari na mgonjwa. Atakayekutwa na udhaifu apewe kazi ya kukunja na kushona, asiondolewe. Tunaomba pia matoroli ambayo magurudumu yake yanazunguka, mpira wa kuzuia utelezi, na robo saa ya kutoka nje kuota jua kila siku.

Na Shangazi aitwe.

Mgeni rasmi, hili la mwisho wenzangu hawakuliandika. Mmoja wa wale wanne alifika hadi mlango wa chumba cha kipimo, akashika kitasa, akageuka. Ana wajukuu wawili wanaomtegemea yeye peke yake. Ni mimi ninayekusomea. Tupe neno lako hapa, msimamizi akisikia, na kesho asubuhi nitapanda.

Mwenyezi Mungu akupe afya, wewe na nyumba yako, na akulinde kwenye kila ngazi utakayopanda.

Ni sisi,
Madobi wa Ghorofa ya Chini